Nyumba ya Mapumziko Kisiwani Lamu: Ni Nani Anayepumzika?



Aliyepata kulala Malaba, japo usiku mmoja, anajua kwamba mji ule hauna usiku. Malori yaliyotoka bandari ya Mombasa hujipanga kando ya barabara yakingoja zamu ya kuvuka kuingia Uganda. Madereva huteremka kunyoosha miguu, wauza chai hupita na mabirika yao, na ngurumo za injini hazikatiki mpaka adhana ya Alfajiri. Busia nayo, iliyo kusini yake kwenye mpaka huohuo, haina tofauti kubwa. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi mwezi wa Februari 2018, msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili, na shughuli haziishi mchana wala usiku. Hata neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, husimuliwa kuwa lilizaliwa hapa, kwa wenye baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kutoka mpaka mmoja hadi wa pili.

Sisi tulizaliwa pwani, na kazi ya kusomesha ndiyo iliyotuleta huku magharibi. Waislamu wa mpakani ni jamaa iliyochanganyika: wako wenyeji, wako waliotoka Mumias, mji ambao Uislamu ulifika pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, wako Waganda na Wasomali, na wako madereva wa Mombasa walioweka familia hapa. Katika jamaa hiyo, mzigo mkubwa umebebwa na akina mama. Mama wa Busia huamka kabla ya Alfajiri, akapika, akawatayarisha watoto wa shule, kisha akavuka mpaka kwenda kununua maharagwe, mayai au ndizi za kuuza. Arudipo jioni, jiko linamngoja palepale alipoliacha.

Kwa hiyo familia ya namna hii inaposema, “Mwaka huu tunataka kupumzika,” hatuoni kuwa ni anasa. Mwili una haki yake juu ya mwenyewe, na watu wa nyumbani wana haki yao. Swali ni wapi, na vipi.

Vijana wetu hutuonyesha katika simu picha za nyumba nyeupe za visiwa vya Bahari ya Kati. Vingine vinavutia kwelikweli, kama Djerba ya Tunisia, kisiwa cha Waislamu chenye misikiti ya kale, mingine imejengwa chini ya ardhi. Lakini nauli ya ndege ya familia moja kwenda huko ni mtaji wa biashara wa miaka. Nasi tunacho kisiwa chetu, kinachofikiwa kwa basi na boti, chenye adhana katika kila mtaa, na ambacho mji wake wa kale umeandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Wasomaji wetu wa pwani wamekwisha kukitambua: ni Lamu. Familia kadhaa za huku zimeanza kwenda kukodi nyumba huko, nasi tumekwenda mara mbili. Safari ya kwanza ilitufunza, na ya pili ikatupumzisha. Makala hii ni kwa ajili ya tofauti iliyo baina ya safari hizo mbili.

Safari ya kwanza

Ilikuwa likizo ya Desemba. Dalali mmoja, ambaye tulipewa nambari yake na mtu aliyepewa na mtu, alitutumia picha za nyumba nzuri ya mawe. Akataka kodi yote ya siku saba ilipwe mapema, kwa maneno kwamba wateja ni wengi. Tukatuma fedha kwa simu. Hatukuuliza jina la mwenye nyumba, hatukutaka stakabadhi, wala hatukumwomba mtu yeyote wa Lamu aende kuitazama.

Tulisafiri watu tisa, wakubwa kwa wadogo. Usiku mzima ndani ya basi kutoka Busia hadi Nairobi. Kisha treni hadi Mombasa. Kisha basi tena kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako barabara huishia na boti huanzia. Watoto waliozoea vumbi la malori walipoiona bahari walinyamaza kimya. Tukafika gati la Lamu baada ya Alasiri, tukawafuata hamali na punda wao mpaka kwenye mlango wa nyumba ile ya pichani.

Nyumba ilikuwepo, na picha zilikuwa za kweli. Lakini ndani mlikuwa na wageni wengine, walioilipa kwa mwenyewe hasa, na haki ilikuwa yao. Simu ya dalali ilikuwa imezimwa. Fedha zile hatujazipata mpaka leo. Hatumtaji mtu huyo, kwa kuwa katika jambo hili na sisi tulikuwa na kosa letu.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alituona na watoto wameketi juu ya mizigo. Akatusalimu, akasikiliza, akatupeleka kwenye nyumba ya jamaa yake iliyokuwa tupu, kwa kodi ya haki. Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Tukapata pa kulala. Ila nyumba ile haikuwa na mpishi, na jiko lake lilikuwa juu ya dari, kama ilivyo desturi ya nyumba za kale za huko, ili moshi upae usiwakere watu. Ngazi ni za mawe, nyembamba, na zenye giza. Kwa siku saba mama wa nyumba yetu alizipanda na kuzishuka na makaa, na maji, na samaki, na vyombo, akapikia watu tisa mara tatu kwa siku. Sisi wanaume tulikuwa barazani tukisifu upepo.

Siku ya sita, tulipokuwa tukisema mbele ya wenyeji kwamba tumepumzika vizuri alhamdulillahi, yeye alitungoja mpaka tukabaki wawili, akasema: “Maalim, mimi nimevuka Kenya nzima kuja kubadilisha jiko.”

Tulicheka. Yeye hakucheka. Ndipo tulipofahamu kwamba tulidhulumiwa mara mbili katika safari ile: mara moja na dalali aliyekula fedha zetu, na mara ya pili sisi wenyewe tulipokula raha ya mtu mwingine. Ile ya kwanza tulikuwa tumeilalamikia njia nzima. Hii ya pili hatukuwa tumeiona kabisa.

Kukodi ni mkataba

Tuanze na ile dhuluma iliyo nyepesi kuitibu. Kukodi nyumba katika sheria yetu ni ijara, yaani kununua manfaa ya kitu kwa muda. Wanavyuoni wameshurutisha mambo matatu yajulikane baina ya wawili hao: manfaa yenyewe, muda wake, na ujira wake. Masharti haya yamewekwa kuzuia ugomvi usitokee kabla haujatokea, nayo yanaihusu nyumba ya siku saba sawasawa na shamba la miaka saba.

Manfaa ijulikane: je, ni nyumba nzima au ni ghorofa moja? Dari ni yenu peke yenu au mnashirikiana na wapangaji wengine? Maji yanatoka saa zote? Nani mwingine ana ufunguo? Katika ngono hii ya maswali asione haya mtu kuuliza. Mwenye nyumba mkweli hufurahi kuulizwa.

Muda ujulikane, na uandikwe kwa tarehe. Hapa pana jambo ambalo watu wa bara na wa pwani hukosana bila ya ubaya. Kwa desturi yetu ya pwani, usiku hutangulia mchana wake, na “usiku wa Ijumaa” ni ule wa kuamkia Ijumaa. Ndugu zetu wengi wa Busia wanaposema usiku wa Ijumaa hukusudia ule unaofuata Ijumaa. Tumeona familia ikifika siku moja baada ya nyumba yake kungojwa. Tarehe na saa ya kuingia, tarehe na saa ya kutoka. Hapo hapana wa kulaumiana.

Ujira nao ujulikane, pamoja na hukumu ya kile kinachotangulizwa. Watu wetu hukiita arubuni, na neno hili lina historia ndefu katika vitabu vya fiqhi. Arubuni ambayo mteja akighairi inapotea yote, jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, wameikataza, Mahanbali wameiruhusu. Njia iliyo salama ni kukubaliana mapema kwamba kinachotangulizwa ni sehemu ya kodi, na kuandika kitarudishwa kiasi gani mkighairi, na mpaka siku gani. Na ikiwa nyumba itaharibika katikati ya muda hata isikalike, kodi ya siku zilizobaki si halali ya mwenye nyumba. Hilo nalo liandikwe.

La mwisho ni kumtuma mtu. Karibu kila msikiti wa mpakani una mtu mwenye jamaa au rafiki Lamu. Aende, abishe hodi, aonane na mwenyewe, aone kwa macho yake, kisha ndipo fedha zitumwe, na stakabadhi ije.

Tunawaambia dada zetu wa Busia hivi: nyinyi hamvushi gunia la maharagwe bila ya karatasi, wala hamlipii mayai msiyoyahesabu. Basi fedha za mapumziko, mlizoziweka akiba mwaka mzima katika chama, msimtumie mtu msiyemjua kwa sababu ya picha. Na msizikope kwa riba. Likizo si dharura. Isipowezekana mwaka huu, mwakani ipo inshallah.

Nyumba yenye sitara

Sasa tuizungumze nyumba yenyewe, maana kuichagua ndiyo nusu ya mapumziko. Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na aliyeijenga alitanguliza sitara katika fikra zake. Nje pana daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambapo mgeni wa kiume hupokewa asiingie ndani. Ukiingia, njia hupinda kwanza, ili aliye mlangoni asione waliomo. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kisha misana, vyumba virefu vilivyofuatana, mpaka ndani kabisa, ambako kuta zimepambwa kwa zidaka. Baina ya nyumba na nyumba, juu ya kichochoro, mara nyingine huwa na wikio, chumba kama daraja, ambacho akina mama walipitia kwenda kwa jirani bila ya kushuka njiani.

Mama aliyezoea nyumba ya Busia, ambayo dirisha lake linatazama barabara na mlango wake unagongwa na kila mchuuzi, akiingia katika kiwanda hicho huhisi mara moja kwamba hapa ataweza kuvua buibui na kukaa. Hilo peke yake ni mapumziko. Lakini si kila nyumba ya kukodi iko hivyo. Nyingine zimegawanywa, na nyingine madari yake yanatazamwa na nyumba mpya za ghorofa. Aulizwe mwenyewe waziwazi: juu ya dari, je, mwanamke ataketi bila ya kuonekana? Na wageni nao wasiyachungulie madari ya majirani, wala wasipige picha zinazochukua nyumba za watu. Adabu ya kubisha hodi tuliyofunzwa katika Surat An-Nur haiishii mlangoni. Jicho nalo hubisha hodi.

Watoto watashangaa mengi. Vichochoro havipitiki kwa gari, na punda ndiye mchukuzi. Katika baadhi ya nyumba watawaona samaki wadogo ndani ya birika la maji la chooni. Wamewekwa makusudi, wale mabuu ya mbu. Matondoni watawaona mafundi wa majahazi. Shela kuna mchanga mweupe usio na mwisho, ingawa nyumba zake aghalabu ni ghali kuliko za mjini. Msimu wa Maulidi, watu wanapokusanyika Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, mji hujaa. Anayetaka utulivu na achague wakati mwingine, na anayetaka baraka za mkusanyiko akodi mapema. Katika miezi ya Kusi bahari huchafuka. Kaskazi huwa tulivu zaidi. Na kabla ya safari iulizwe hali ya barabara ya Garsen hadi Mokowe.

Safari ya pili

Tulipopanga kurudi, hatukuanza na nyumba. Tulikaa kitako nyumbani, hapa mpakani, watoto wakiwepo, tukamuuliza mama: “Wewe, mapumziko yako ni nini?”

Alinyamaza kitambo. Nadra kuulizwa. Kisha akasema mambo matatu: kulala baada ya Alfajiri mpaka jua litoke, kutopika, na kwenda ufukweni na mabinti zake wakati ambapo hakuna watu. Tukayaandika. Yakawa ndiyo masharti ya kuchagulia nyumba.

Tukapata nyumba ndogo kuliko ile ya pichani, yenye dari iliyozungushiwa ukuta, na mpishi. Nyumba nyingi za kukodi Lamu huja na mtumishi wa kupika, na mara nyingi ni mwanamume. Sisi tuliomba mama mpishi, ili mama wa nyumba yetu awe huru mchana kutwa, na mwenye nyumba akatutafutia jirani. Ujira wake tuliuliza ni kiasi gani, na tukauliza pia kama ameukubali mwenyewe au amekubaliwa na mwingine. Kazi yake tuliiwekea mpaka: chakula cha mchana na cha usiku, na aende kwake kabla ya Magharibi. Mpishi naye ni mama wa nyumba yake. Hatukutaka kuutua uchovu begani mwa mke wetu na kuutwika begani mwa mke wa mtu. Kila jioni tulimlipa, asingoje mwisho wa juma.

Asubuhi ilibaki kuwa zamu yetu. Baada ya Alfajiri tulitoka na wavulana kwenda kununua samaki na mkate, tukarudi kupika chai wenyewe. Siku ya kwanza chai ilikuwa chungu na maandazi yakaungua tulipoyapasha moto. Siku ya tatu ilinyweka. Wavulana wakajifunza kwamba sahani haijioshi. Mama alilala. Alipoamka akaenda Shela na mabinti, mapema, kwa boti, na siku moja walirudi nguo zimejaa mchanga na wanacheka jambo ambalo hawakutuambia.

Jioni moja tulipanda darini tukamkuta ameketi peke yake, mikono imelala mapajani. Hakuwa akikunja nguo, hakuwa akichambua mchele, hakuwa na simu. Adhana ya Magharibi ilianza msikiti mmoja, ukaupokea wa pili, mpaka mji mzima ukaitika. Tukamuuliza kama anahitaji kitu. Akasema, “La. Nimekaa tu.” Katika miaka yote ya ndoa yetu hatukumbuki kuyasikia maneno hayo kwake.

Mambo machache ya msafiri

Kuhusu swala, tumeulizwa mara nyingi. Njiani kutoka Busia, familia hupunguza na kukusanya, kwa kuwa safari ni ndefu kupita masafa yaliyowekwa, ambayo ni kilomita 80 na ushei. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kuwa msafiri tangu anapofika. Basi mwenye nyumba ya juma zima Lamu aswali kamili, na wanaume wajongee misikitini. Iko hatua chache tu kutoka kila mlango.

Siku ya kuondoka, nyumba iachwe safi kuliko ilivyokutwa, kilichovunjika kitajwe na kulipwa, na majirani waagwe. Wageni wema huwafungulia mlango wageni wajao.

Na ambaye hana uwezo wa kufika Lamu asidhani kwamba makala hii haimhusu. Nyumba ya kukodi ni chombo tu. Kilichotupumzisha safari ya pili ni swali tuliloliuliza kabla ya kufunga mizigo, na swali hilo halina nauli. Linaweza kuulizwa leo usiku, katika chumba kimoja cha Malaba, huku malori yakinguruma nje: “Wewe, mapumziko yako ni nini?” Kisha mwenye kuuliza asikilize, na asubuhi awe wa kwanza kuamka, akoke moto.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, na atujaalie tuwe sababu ya raha kwa watu wetu wala tusiwe sababu ya uchovu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.